Makombora Elfu Tisini Yasiyorushwa

"Kwa fahari kubwa na kwa moyo mmoja, watumishi wote wa Kituo cha Yelniki-17 wanatangaza kujiunga na Mashindano ya Kazi ya mwaka 1985, na wanaahidi kugundua makombora ya adui kumi na mawili katika robo ya kwanza ya mwaka, na la kumi na tatu kama zawadi kwa sikukuu ya Mei Mosi."

Tangazo hilo lilibandikwa karibu na mlango wa kantini, ili kila mtu alisome akiwa kwenye foleni ya supu ya kabichi. Lilikuwa na muhuri. Sisi wa Yelniki-17 hatukuwa watu wa kubishana na muhuri. Mwaka uliotangulia tuliletewa viatu mia tatu vya mguu wa kushoto, vyote vina muhuri, tukavivaa, tena tukaandika barua ya shukrani.

Kituo chetu, kwa wasiokijua, na hamkutakiwa kukijua maana hata kwenye ramani hatukuwepo, kilikuwa na kazi moja tu. Huko juu kabisa zilizunguka setilaiti tisa, kila moja na jicho la kuona joto. Kombora likichomoka shimoni kule Marekani, jicho linauona mkia wake wa moto, taa nyekundu inawaka kwetu, na sisi tunapiga simu Moscow. Wakubwa wanabaki na dakika kama ishirini na tano za kuamua iwapo dunia iendelee au basi. Ni kazi nzuri. Siku ikiwa njema, huna unachofanya.

Aliyebebeshwa ile ahadi alikuwa Kapteni Zinovi Kuzovkin, mkuu wa zamu ya pili, mtu mrefu mwenye mabega ya kuomba radhi. Alikuwa na miaka tisa pale kituoni, na miaka tisa hiyohiyo kwenye foleni ya fleti. Aliishi bwenini, chumba kimoja, na mkewe Taisia na mama mkwe wake Agrafena Lukinichna, ambaye kitanda chake kilikuwa nyuma ya kabati. Bibi akipiga chafya kule nyuma, kijiko cha Zinovi kinamwaga supu huku mbele. Taisia alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila jioni wote watatu walilitazama lile kabati wakijiuliza mtoto atalala ndani yake au juu yake.

Na ilikuwepo fleti. Ndiyo iliyomnyima Zinovi usingizi. Jengo jipya la ghorofa tano lilikuwa limebakiza fleti moja, nambari 14: vyumba viwili, jiko la peke yenu, na choo cha kukaa bila mtu kugonga mlango. Mkuu wa kikosi kitakachoshinda bendera ya mashindano ndiye angekabidhiwa ufunguo, na hilo nalo liliandikwa kwenye tangazo la kantini. Jengo litakalofuata lilikuwa halijachorwa hata kwenye karatasi.

Sasa mtauliza, hayo makombora kumi na mawili yalitoka wapi? Yalitoka kwa Zinovi mwenyewe, masikini. Mwaka uliopita, robo ya mwisho, mitambo yetu ilitoa ishara kumi na moja. Mara nane lilikuwa jua lililomulika juu ya mawingu, mara mbili msitu ulikuwa unaungua, na mara moja kisima cha mafuta. Zinovi alishinda miezi mitatu amekunja mgongo juu ya mitambo mpaka akaifundisha kutofautisha jua na kombora. Akapewa barua ya pongezi. Wapanga mipango nao wakaja, wakaona robo iliyopita kituo kimegundua kumi na moja, wakaongeza moja kwa ajili ya maendeleo ya nchi. Hivyo ndivyo mipango yetu ilivyopangwa, na hakuna aliyecheka, mimi nikiwemo, niliyekuwa nimeshika chupa ya gundi siku ya kubandika tangazo.

Mwezi Februari tuliitwa kwenye kikao cha kukagua maendeleo. Jenerali Yermolai Tsaplin, mkuu wa kituo, alikaa mbele na miwani zake mbili, moja ya kusomea na moja ya kututazamia. Pembeni yake alikaa katibu Kaleria Stepanovna, mama aliyekuwa akiandika kila kinachosemwa. Ukikohoa mbele ya Kaleria, kikohozi chako kinaingia kwenye kumbukumbu.

"Zamu ya pili. Makombora mangapi?"

"Hakuna, Ndugu Jenerali."

"Hakuna ni asilimia ngapi?"

"Ni sifuri, Ndugu Jenerali."

"Sifuri!" Jenerali alibadilisha miwani. "Ndugu Prokop Gusakov wa tanuri yuko asilimia mia moja na thelathini. Na yeye hana setilaiti hata moja. Ana beleshi!"

Prokop, mkuu wa tanuri la kupashia majumba joto, alisimama akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Takwimu zake zilikuwa za kweli. Alichoma makaa mengi kupita mpango, hata sisi tukawa tunakaa na fulana huku nje theluji imefika magotini, madirisha wazi, shomoro wanaingia ndani kuota joto.

"Ndugu Jenerali," Zinovi alijaribu, "tatizo ni kwamba adui hajarusha."

"Adui! Kila mvivu ana wa kumsingizia. Wa mashambani wanasingizia mvua, wewe unawasingizia Wamarekani. Mimi nikuulize, mpango ni wa nani, wako au wao?"

"Wangu, Ndugu Jenerali."

"Basi utimize. Robo inaisha mwezi ujao."

Kikao kilipokwisha Prokop alimvuta Zinovi mkono hadi kwenye tanuri lake, akamkalisha juu ya ndoo, akampa tango la chumvi. Prokop hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na yeye, na fleti aliitaka, lakini ushindi wa kumpiga mtu mwenye sifuri ulimtia haya.

"Zinovi, kaka, unajifunga mwenyewe. Mitambo si unaijua? Ilegeze kidogo. Jua likimulika, taa iwake. Unaandika moja. Kesho tena, mbili. Mwisho wa mwezi una kumi na mawili yako, tunashindana kiume."

Zinovi aliacha kutafuna.

"Unajua taa ile ikiwaka nani anaamshwa?"

"Nani?"

"Mwenye kitufe. Anaambiwa una dakika ishirini na tano. Mzee wa watu, ana presha, ana maini mabovu, na anaambiwa amua. Mara kumi na mbili, Prokop! Mara kumi na moja atatukana. Ya kumi na mbili je?"

Prokop alilitazama beleshi lake. Moto ulivuma nyuma yake, wa asilimia mia moja na thelathini.

"Hapana," akasema polepole. "Basi usilegeze. Una tango jingine?"

"Wewe ndiye mwenye matango."

"Ndiyo. Chukua basi."

Zinovi alirudi bwenini na harufu ya moshi na uso wa mtu aliyefiwa. Akaketi. Taisia akamwekea uji wa ngano nyeusi, naye hakuugusa. Akasema yote: sifuri, beleshi, kitufe. Akasema fleti imekwenda, na mtoto atalala kwenye droo ya shuka, na kwamba yeye ni mume asiyefaa kitu. Taisia alilia kidogo, kisha akamwambia ukilegeza hiyo mitambo mimi na tumbo langu tunarudi kwetu, maana fleti ya kuishi ndani ya majivu siitaki.

Nyuma ya kabati kitanda kililia. Agrafena Lukinichna akatokeza na shali yake, akavuta kiti.

"Mkwe wangu, leo mmeona nini kazini?"

"Hatujaona kitu, mama."

"Mmetazama wapi?"

"Kwenye mashimo ya makombora yao. Yako elfu moja."

"Na yote elfu moja hayakuruka?"

"Hayakuruka."

"Sasa mwanangu, huko si kufanya kazi mara elfu moja? Mimi nimelinda makutano ya reli na barabara miaka thelathini na moja. Unadhani medali yangu nilipewa kwa treni zilizogonga watu? Nilipewa kwa zile ambazo hazikugonga. Palikuwa na ubao pale, kila asubuhi naandika kwa chaki: siku elfu nne bila ajali, siku elfu nne na moja. Mkaguzi akija anausoma ule ubao na kofia kaivua. Nyinyi wenye shule zenu mmekaa mnahesabu mabaya tu, halafu mnalia mabaya hayakuja!"

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Agrafena zilikuwa zimefungwa kitambaa muda wote ule nyuma ya kabati. Zinovi alichukua penseli. Mashimo elfu moja, siku tisini za robo ya mwaka. Aliandika jibu, akalitazama, akala uji wote na wa Taisia.

Tarehe mosi Aprili alisimama mbele ya kikao.

"Zamu ya pili. Makombora ya adui yaliyoangaliwa na yakathibitishwa kutorushwa: elfu tisini. Mpango ulikuwa kumi na mawili. Utekelezaji ni asilimia laki saba na nusu."

Shomoro mmoja alipita juu ya meza. Jenerali alivaa miwani ya kwanza, akaivua, akavaa ya pili.

"Rudia."

"Asilimia laki saba na nusu, Ndugu Jenerali."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Jenerali Tsaplin hakufika pale alipofika kwa kuuliza maswali. Aliinuka, akatembea hadi kwenye simu, akaomba Moscow. Tulimsikia sote: "Ndiyo, chini ya uongozi wangu binafsi... Laki saba na nusu... Hapana, asilimia... Nakushukuru, nakushukuru sana." Siku ya nane medali ikafika ndani ya kisanduku cha bluu, akaivaa hata kwenye bafu la mvuke. Aliyekuwa naye mle alisema chuma kilipopata moto Jenerali alikuwa akikishika kwa kitambaa, lakini hakukivua.

Zinovi alianza kupima kwa macho mahali pa kuweka kitanda cha mtoto. Taisia alishona mapazia. Prokop mwenyewe alimpa mkono, akasema laki saba na nusu hata nikichoma kituo kizima sizifikii.

Hawakukumbuka, na sisi hatukukumbuka, kwamba Jenerali alikuwa na mkwe. Aliitwa Luteni Edik, kijana mzuri wa sura, mpiga matoazi kwenye bendi ya kituo. Alikuwa amemwoa binti wa Jenerali mwezi wa kumi na mbili na walikuwa wanaishi kwa Jenerali. Na Edik alikuwa akifanya mazoezi ya matoazi kila siku saa kumi na mbili za asubuhi. Jenerali alihitaji fleti ile kuliko sisi wote.

Mkutano wa kugawa fleti ulikuwa tarehe ishirini na tisa Aprili. Wastaafu waliruhusiwa kuhudhuria, maana ndiyo burudani waliyobakiwa nayo, na Agrafena Lukinichna aliketi mstari wa mbele na mfuko wa mbegu za alizeti.

Jenerali alisimama, medali kifuani.

"Ndugu zangu. Nimeifikiria sana kazi kubwa ya robo hii. Makombora elfu tisini hayakurushwa. Ni ushindi, na Moscow imeutambua." Aliigusa medali. "Lakini haki ni haki. Hebu tujiulize: hiyo kazi ya kutorusha, aliyeifanya ni nani? Kapteni Kuzovkin? Yeye alikaa kwenye kiti. Aliyekaa pale shimoni siku tisini, akajizuia, asiguse kitu, ni nani?"

"Adui," akasema mtu wa nyuma aliyezoea kujibu.

"Adui! Kwa hiyo Kapteni hana dai lolote. Napendekeza fleti nambari 14 ipewe nguvu kazi changa ya utamaduni. Namaanisha Luteni Edik."

Zinovi alikaa kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Taisia alilishika tumbo lake kwa mikono miwili. Sote tulitazama viatu vyetu, vile vya kushoto. Niseme ukweli hapa: hakuna mwanamume hata mmoja aliyefungua kinywa, na mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na mlango, tayari kukubali.

Agrafena alitema ganda la alizeti kwenye kiganja.

"Ndugu Jenerali, samahani, mimi mzee, nielewesheni. Kazi ilifanyika au haikufanyika?"

"Ilifanyika, bibi. Tazama hapa." Akaigusa medali tena.

"Aliyeifanya si mkwe wangu?"

"Si yeye."

"Ni adui?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Basi fleti si ya mkwe wangu wala si ya mkwe wako. Tangazo liko pale kantini na muhuri wake: fleti ni ya aliyeshinda. Apewe adui. Au kama adui hastahili, basi kazi haikufanyika, na hicho kinachong'aa kifuani ni cha nini?"

Hapo Kaleria Stepanovna aliacha kuandika, mara ya kwanza tangu tumjue, akainua macho. Jenerali naye alipiga hesabu. Akisema kazi ilifanywa na Zinovi, fleti imekwenda. Akisema haikufanyika, medali imekwenda. Ulibaki mlango mmoja tu, na tulimwona akiutazama, halafu akitabasamu, maana aliona kwamba adui hawezi kuja Yelniki-17 kuchukua ufunguo.

"Sawasawa!" akasema. "Andika, Kaleria Stepanovna. Fleti nambari 14 imetolewa kwa kamanda wa makombora ya adui. Gonga muhuri."

Muhuri ukagongwa.

"Na kwa kuwa mwenyewe bado hajafika," Jenerali akaendelea kwa sauti tamu, "fleti itatunzwa kwa muda na Luteni Edik."

"Haiwezekani, Ndugu Jenerali," akasema Kaleria.

"Haiwezekani vipi?"

Kaleria alifungua kitabu cha kanuni, kile ambacho Jenerali mwenyewe alikitia saini bila kukisoma. "Kanuni ya arobaini na moja. Fleti ya mtu asiyekuwepo itatunzwa na jamaa yake wa karibu. Asipokuwepo jamaa, itatunzwa na mtu anayemfahamu mwenye fleti kwa muda mrefu kuliko wengine." Aligeuka. "Luteni Edik, wewe unamfahamu adui?"

"Mimi napiga matoazi," akasema Edik.

"Kapteni Kuzovkin?"

Zinovi alisimama. Alikuwa mweupe, lakini mabega yake kwa mara ya kwanza hayakuomba radhi.

"Namtazama kila siku, mwaka wa tisa sasa," akasema. "Najua hata jua linamtokea saa ngapi."

Muhuri ukagongwa mara ya pili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wetu aliingia na medali yake.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na mbili Mei, msichana, akaletwa moja kwa moja fleti nambari 14. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba: "Kamanda wa Makombora ya Adui". Chini yake, kwa kalamu: "Gonga mara mbili kwa Kuzovkin". Agrafena alipata chumba chenye dirisha, na siku ya kwanza alilia, akasema miaka tisa alikuwa akiamka na kuona mgongo wa kabati. Kisha akamtuma Zinovi dukani kununua ndara mpya za mgeni, saizi kubwa, akaziweka karibu na mlango kwa ajili ya mwenye nyumba, maana huwezi kujua, na mgeni asije akakuta hakuna cha kuvaa.

Moscow nayo haikulala. Ilipoona robo ya kwanza tumefikia elfu tisini, iliongeza asilimia kumi, kama kawaida, na robo ya pili tukapangiwa elfu tisini na tisa. Mashimo ya adui yalikuwa yaleyale elfu moja, na siku ni tisini na moja. Jenerali alitutaka tumwombee adui achimbe mengine. Hakuchimba. Mwezi Julai Jenerali Tsaplin alipewa onyo la maandishi kwa makombora elfu nane ambayo hayakurushwa wala hayakuacha kurushwa, na medali ikarudi Moscow kwa posta, ndani ya kisanduku chake cha bluu. Prokop aliipokea bendera ya robo ya pili, na fleti hakuna tena, lakini Zinovi alimwachia yeye na wanawe chumba cha bwenini kilichokuwa cha kwake, na kabati lake.

Pamoja na onyo ilikuja fomu. Fleti iliyotolewa kwa raia wa kigeni lazima ikaguliwe kila robo ya mwaka, na afisa wa cheo cha juu kuliko wote athibitishe kwa saini yake iwapo mwenye fleti amefika.

Basi kila robo, saa nne za asubuhi, Jenerali alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Nyumbani kwake matoazi yalikuwa bado yanalia, na siku hizi Edik alikuwa amenunua na ngoma. Alifika, akasoma kibao, akagonga mara mbili. Mlango ukafunguliwa na Agrafena Lukinichna, kitambaa cha kupigia deki mkononi, mtoto kiunoni.

"Amefika?" akauliza Jenerali, kwa sababu fomu ilitaka aulize.

"Bado. Ingia utazame. Ila vua viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Jenerali alivua. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba chote nje. Aliziona zile ndara mpya karibu na mlango, akanyoosha mguu.

"Hizo hapana," akasema bibi. "Hizo za mwenye nyumba."

Akatia saini akiwa amesimama na soksi.